Ndizi Katika Handaki

Juzi jirani yangu alikuwa anajiandaa kumwozesha binti yake, akachimba shimo nyuma ya nyumba la kuivishia ndizi za pombe. Mimi nilikuwa napita tu na ndoo yangu. Upepo ukaniletea ile harufu: moshi wa kuni mbichi, majani makavu ya mgomba yanayopata joto, na chini yake ule utamu wa ndizi inayoanza kulainika gizani. Nikatua ndoo. Jirani akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia hapana, ni jua tu. Halikuwa jua.

Nawaandikia watu wa rika langu, ninyi mliohamishwa mkiwa mmeshika kanga za mama zenu, mkaanza shule katika vijiji vya nyumba zilizopangwa mstari. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kumbukumbu yangu si ya kuapia. Kaka yangu Tomasi, aliyenizidi miaka michache, anasema baadhi ya mambo haya yalikwenda vingine. Pale tunapotofautiana nitasema, msomaji aamue mwenyewe.

Kabla ya kijiji tuliishi mlimani, upande wa Bisibo, kila mtu na migomba yake. Jirani ulimjua kwa moshi wake tu. Kisha ikaja amri ya vijiji vya ujamaa, tukashushwa kando ya barabara, mbele kidogo ya Nyakahura, tukapewa kiwanja na vigingi vinne. Sitasema kila kitu kilikuwa kibaya. Kulikuwa na shule karibu, kulikuwa na zahanati, na mdogo wangu aliyezaliwa pale aliishi, wakati baadhi ya waliozaliwa kule mlimani kabla yangu hawakuishi. Lakini pia mjomba wangu alichomewa paa mbele ya macho yake ili asirudi, na hakucheka tena vizuri mpaka alipokufa. Yote mawili ni kweli, na sijui mizani ya kuyapimia.

Bibi yangu, mama wa Baba, hakuikubali ile ardhi mpya. "Udongo huu haunijui," alisema. Migomba tuliyopanda ilikuwa bado mifupi kama sisi watoto. Kwa hiyo mara kwa mara aliondoka alfajiri kwenda mahame, kwenye migomba yake ya zamani, na jioni alirudi na mkungu kichwani, shingo imenyooka kama ya msichana. Viongozi wa kijiji hawakupenda. Mtu anayerudi rudi mahame, walisema, siku moja atabaki huko na wengine watamfuata. Walimvumilia kwa sababu ya uzee wake, na kwa sababu, tuseme ukweli, wote walikuwa wanakunywa rubisi yake. Hakukuwa na mwanamke kijiji kizima aliyejua kuivisha ndizi na kupika pombe kama Bibi Nyamahanga.

Halafu vita ikaja. Kwetu ilikuja kwanza kama vumbi. Malori ya jeshi yalipita kutwa kuelekea Biharamulo, na kutoka hapo Bukoba na mpakani, na vumbi lake likakaa juu ya majani, juu ya mboga, juu ya nywele za mdogo wangu. Baba alikuwa mgambo. Siku walipoitwa walipanda lori pale sokoni Nyakahura, wakiimba. Mama alisimama na mtoto mgongoni. Baba hakumwambia mtu kwaheri. Aliinama kutoka juu ya lori akamwambia Bibi kwa sauti, kama mtu anayekwenda mnadani kuuza ng'ombe:

"Mama, niwekee kibuyu changu!"

"Nenda," Bibi akajibu. "Utakikuta."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maagano yao. Bibi alikuwa mtu wa kuamini kwamba jambo ulilomwahidi msafiri ndilo linalomvuta arudi. Kama kibuyu cha Baba kingekuwa nyumbani kinamngoja, Baba angerudi kukinywa. Kama hakipo, atarudia nini? Hakuwahi kulieleza hivyo kwa maneno, lakini ndani ya nyumba tulilijua sote, hata mimi.

Muda si mrefu ikatoka amri nyingine. Kila nyumba ichimbe handaki. Ndege za adui zinaweza kuja, walisema, na ndege zikija watu waingie ardhini. Nasema "walisema" kwa sababu waliambiwa watu wazima mkutanoni. Sisi watoto tulifukuzwa tukacheze. Nilichokiona mimi ni wanaume waliobaki kijijini wakipita nyumba kwa nyumba na majembe na sururu, wakiongozwa na Kamanda Deo, kiongozi wa mgambo waliobaki. Walipofika kwetu walimwuliza Mama, "Mko wangapi ndani?" Mama akawaambia. Wakapima ardhi kwa hatua, wakaanza kuchimba.

Mimi mashimo ya namna ile nilikuwa nimeyaona mara mbili tu: la babu, na la mtoto wa Mama Kabula, jirani yetu. Na hata hayo, mtu alikufa kwanza ndipo shimo likachimbwa. Sasa naona serikali imekuja inachimba kabla, kila nyumba na lake, tena inauliza idadi. Nikaelewa kwamba tutakufa wote, na kwamba wakubwa wanajua, na kwamba kwa kuwa serikali ni ya utaratibu imeamua kuandaa mapema. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyelia. Mama aliwapa wachimbaji maji ya kunywa. Aliwashukuru.

Sikumwuliza mtu. Mnakumbuka tulivyolelewa, swali la kifo halikuulizwa na mtoto. Nilikuwa nakwenda ukingoni mwa lile shimo, natazama chini, najaribu kuona nafasi yangu ni ipi. Nilidhani ni ile ya mwisho, karibu na mgomba, kwa sababu palikuwa pembamba.

Siku moja Bibi akarudi kutoka mahame na mikungu ya ndizi za pombe. Safari hiyo alikwenda na Tomasi, na walirudi tena na tena mpaka mikungu ikajaa uani. Akalizunguka handaki letu, mikono nyuma, kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Shimo zuri," akasema. "Refu, limekauka, limenyooka. Nao wameliacha tupu."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Akainua uso. "Mama, hilo ni la ndege."

"Ndege zimekuja?"

"Bado."

"Zikija nitaliacha."

Mama hakubishana. Labda alipaswa kubishana. Yeye mwenyewe aliwahi kusema hivyo baadaye. Lakini ardhi yetu ilikuwa na mawe, wanaume walikuwa wameondoka, na Bibi alikuwa na mgongo unaouma. Nani angemchimbia shimo jingine? Na ndizi zile zilikuwa za kibuyu cha Baba.

Bibi akatandika majani makavu ya mgomba, akapanga ndizi, akafunika kwa majani mabichi, kisha kwa udongo. Kwenye mwisho mmoja akaacha tundu, mbele yake akawasha moto mdogo wa kuni mbichi, moshi ukawa unaingizwa ndani kwa kupepewa kwa ungo. Ninyi mliokulia kwenye ndizi mnajua kwamba hapo kazi ni kungoja. Shimo likifunguliwa kabla ya siku yake joto linakimbia, ndizi zilizokwisha kuanza zinaoza, na ambazo hazijaanza zinabaki ngumu kama mawe.

Mimi nilitazama yote yale nikiwa nimeshika mgomba kwa mikono miwili. Bibi alikuwa anazika ndizi ndani ya kaburi letu. Alipopiga piga udongo juu kwa kiganja, akalainisha, nikaelewa. Alikuwa amewazunguka wale wakubwa. Shimo la watu wa nyumba yetu limejaa sasa, limefunikwa, haliwezi kuchukua mtu. Ndizi zimekwenda badala yetu. Siku ile nilikula ugali mpaka Mama akashangaa.

Ndege ilikuja mchana, ndizi zikiwa bado hazijafika siku yake. Tulisikia filimbi ya mgambo kwanza, halafu mngurumo. Kila mtu akakimbilia handaki lake. Mama akatoka ndani na mtoto, akafika kwenye handaki letu, akasimama. Lilikuwa limefunikwa, moshi mwembamba unapanda kutoka kwenye tundu, umenyooka kwenda juu, kwa sababu siku ile hapakuwa na upepo. Nakumbuka uso wa Mama. Alitushika, tukakimbilia kwa Mama Kabula. Handaki lao lilikuwa na watu wao wote na mbuzi mmoja.

"Hapana nafasi!" Mama Kabula akapiga kelele.

"Wachukue watoto tu!"

Akamchukua mtoto, akanivuta mimi kwa mkono, Tomasi akajirusha mwenyewe. Mama na Bibi walibaki juu, wamelala kifudifudi kwenye majani ya viazi. Ndege ikapita. Tomasi anasema ilikuwa ndege yetu wenyewe, aliiona vizuri. Mimi sikuiona, nilikuwa nimebanwa na mbuzi. Haikuangusha kitu. Lakini kwa muda ule ambao ilikuwa juu yetu hakuna aliyejua kwamba haitaangusha, na Mama yangu alikuwa amelala nje.

Tulipotoka, Kamanda Deo alikuwa tayari yuko uani kwetu, anahema, jasho linamtiririka. Bunduki hakuwa nayo, alikuwa na rungu. Watu wakaanza kukusanyika.

"Nani amewasha moto hapa?" akauliza. "Nani anatoa moshi wakati kuna ndege? Bibi Nyamahanga, unamwonyesha nani njia?"

"Namwonyesha mwanangu," Bibi akasema.

Watu wakaguna. Mama akamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani anyamaze. Deo akasukuma udongo kwa mguu, akaziba tundu la moto, moshi ukakatika.

Mama Kabula, aliyekuwa bado amembeba mdogo wangu, akasema, "Kila mara yuko mahame huyu. Mahame hakuna mtu. Anaongea na nani huko?"

"Na nyani," Bibi akamjibu. "Wana adabu kukushinda."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akanyamaza haraka. Nataka niwe mwaminifu kwa Mama Kabula. Alikuwa ametoka kutuokoa watoto watatu, na alikuwa na hofu, na wiki zile redioni hapakusemwa kitu kingine ila wapelelezi. Watu wote walikuwa wanatazamana.

"Kuna nini humo ndani?" Deo akauliza.

"Ndizi."

"Fungua."

"Hazijafika."

"Bibi, nasema fungua."

"Deo, mwana wa Anastazia. Wakati wa mavuno ulilewa hapa kwangu, ukalala kwenye majani ya migomba mpaka kuku wakakupanda. Unataka kuniambia hujui kilichomo?"

Sasa watu wakacheka kweli. Deo hakucheka. "Najua kilichomo siku zote," akasema. "Sijui kilichomo leo."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi, na sioni kosa ndani yake. Shimo lingeweza kuwa na bunduki. Lingeweza kuwa na redio ya kuongea na adui. Njia ya kumaliza maneno ilikuwa nyepesi kabisa: jembe moja, dakika chache, watu waone ndizi, waende zao. Bibi alilijua hilo. Akakaa juu ya shimo. Akakunja miguu, akaweka mikono juu ya magoti.

"Nipeleke unakotaka," akasema. "Hili halifunguliwi. Kibuyu cha mtu kiko humu."

Mama akapiga magoti mbele yake. "Mama, tufungue tu. Tutatafuta ndizi nyingine."

"Wapi? Nimemaliza shamba. Zilizobaki ni changa."

"Watakupeleka bomani."

"Nimesikia."

Mimi nilikuwa upande wa Bibi kwa moyo wangu wote. Shimo likifunguliwa na ndizi zikatolewa, lingekuwa tupu tena, linatungoja. Nikaenda nikakaa karibu naye juu ya udongo, bado una joto. Deo angeweza kutunyanyua wote wawili kwa mkono mmoja. Hakutunyanyua. Akasema, "Basi asubuhi utaenda bomani ukawaambie wenyewe," akaondoka.

Asubuhi likaja lori linaloelekea Biharamulo. Deo alipanda nasi. Nasema "nasi" kwa sababu Bibi alinishika mkono hakuuachia, macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Mama alibaki na mtoto, Tomasi akabaki kumsaidia. Lori lilipoondoka Mama hakutupungia. Alikuwa anatazama shimo.

Biharamulo nilikuwa sijawahi kufika. Kwetu ilikuwa mahali pa hospitali, mabasi, na watu wa ofisini. Boma liko juu, jeupe, kuta nene, lilijengwa na Wajerumani. Bibi alikuwa ametuambia kwamba baba yake alikuwa mmoja wa waliobeba mawe yake. "Mgongo wa baba yangu uko kwenye ukuta ule," alizoea kusema, na mimi nilidhani uko kweli. Tuliposhuka nilianza kuutafuta kwa macho.

Uani palikuwa pamejaa: askari, watu wenye mizigo waliokimbia kutoka upande wa mpakani, mama mmoja aliyekaa na kuku kwenye kikapu. Tukakalishwa barazani. Jua likapanda. Akapita mwanamke wa mjini, mwenye kanga nyeupe, ana sinia la chai na maandazi anawapelekea askari. Baadaye nilijua ni Bi Zuhura, wa moja ya zile familia za Waswahili wenye maduka, waliotoka pwani zamani. Akasimama mbele yetu.

"Shikamoo, bibi yangu. Nawe umefanya nini? Umempiga mgambo?"

"Marahaba. Nimeivisha ndizi."

Bi Zuhura akamtazama Deo. "Siku hizi ndizi nazo zinashitakiwa?" Akatupatia andazi moja moja, akampa na Deo, na Deo akapokea akiwa ameinamisha kichwa. Hakula. Alilishika tu.

Tulipoitwa ndani, afisa alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Deo akaeleza. Alieleza kwa haki, hilo nalikumbuka: hakuongeza kitu, alisema hata kwamba mtoto wa yule bibi yuko vitani. Afisa akamgeukia Bibi.

"Mama, kuna nini shimoni?"

"Ndizi za pombe."

"Kwa nini hukufungua wakaziona?"

Bibi akamweleza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika. Maagano ya kibuyu. Siku ambazo hazijafika. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Naelewa. Mama yangu naye anaivisha hivyo hivyo. Lakini rubani akiona moshi hatauliza ni wa nini, na mkwe wako alilala nje na ndege juu yake. Ungempa nini huyo mwanao akirudi, rubisi na maiti ya mke wake?"

Bibi akanishika mkono tena.

Afisa akaniona. Nadhani alitaka kulainisha maneno yake, au alitaka kuhakikisha, sijui. "Na wewe binti, hebu niambie. Kuna nini mle shimoni?"

"Ndizi," nikasema. "Zimezikwa badala yetu."

"Badala yenu?"

"Ili tusiingie sisi. Kila nyumba imechimbiwa lake. Walituhesabu."

Afisa akaweka kalamu chini. "Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna."

Akamtazama Deo. Deo akatazama andazi lake. "Kamanda, mlipochimba hamkuwaeleza watoto ni ya nini?"

"Tulieleza mkutanoni, afande."

"Watoto walikuwepo mkutanoni?"

"Hapana, afande."

Afisa akajifuta uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kujifuta uso. Alipoiondoa mikono alisema kwa sauti ya kawaida: "Bibi arudi nyumbani leo. Shimo lifunguliwe leo, watu waone, na libaki wazi. Na wewe Deo utawaeleza watoto. Wote. Mwenyewe."

Kwa hiyo Bibi aliachiwa, na kitu alichokuja kukilinda akakipoteza. Kwenye lori la kurudi Deo alimpa gunia alikalie. Karibu na Nyakahura Bibi akamwambia, "Ukifungua, fungua kwa mkono. Usitie jembe. Jembe litazijeruhi."

"Sawa, Bibi."

"Na usiwaache watoto wa watu wadonoe."

"Sitawaacha."

Lakini tulipofika uani hapakuwa na cha kufungua. Udongo ulikuwa umerundikwa pembeni, majani yametupwa, handaki liko wazi mwanzo mpaka mwisho. Mama alikuwa amekaa ukingoni, miguu ndani, mikono yake imejaa udongo mpaka viwiko. Karibu naye walisimama Mama Kabula na wanawake wengine.

Lori lilipoondoka asubuhi, kumbe Mama alichukua jembe palepale. Aliwaita watu waje waone kwa macho yao ni ndizi, ndizi tupu, na akamtuma Tomasi kwa baiskeli ya watu kutufuata mjini na ndizi kama ushahidi. Tomasi alipata pancha njiani. Kama Mama angengoja mpaka jioni, mgambo ndio wangefungua kwa amri ya afisa, na lawama isingekuwa ya mtu wa nyumba yetu. Lakini angejuaje? Alijua tu kwamba mama mkwe wake amepelekwa bomani wakati wa vita.

"Nimefungua, Mama," akasema. "Nilitaka wakurudishe."

Bibi alisimama. Nilidhani atapiga yowe kama la msibani. Wanawake wote nadhani walidhani hivyo, kwa sababu Mama Kabula alisogea akamshika Mama bega. Bibi akaomba mkono wangu, akashuka ndani ya handaki. Akaanza kuzibonyeza ndizi, chana kwa chana, macho ameyafumba. Iliyolainika akaiweka kulia, ngumu akaiweka kushoto. Kushoto kukawa kukubwa. Mama alimtazama akifanya hivyo mpaka mwisho, na nafikiri hakuna hukumu angeweza kupewa iliyokuwa ndefu kuliko ile.

"Leta hori," Bibi akasema. "Tukamue hizi hizi."

Kesho yake Kamanda Deo alitukusanya watoto wote wa kijiji mbele ya handaki letu. Alikuwa na aibu. Mtu mzima, baba wa watu. "Hili si kaburi," akasema. "Tazameni." Akaruka ndani. "Naingia." Akapanda. "Natoka." Akaruka tena. "Ndege ikija, naingia. Ikiondoka?" Akapanda. "Natoka!" Alifanya hivyo mpaka suruali ikawa nyekundu kwa udongo na sisi tukaanza kucheka na kumwitikia. Mimi niliitikia na wenzangu. Lakini usiku ule nilijiambia kwamba Deo ametoka kwa sababu yuko hai; na kwamba sasa shimo liko tupu, na mtu mmoja wa nyumba yetu hayupo.

Waliikamua ile juisi kwa nyasi, Bibi na Mama, mikono minne ndani ya hori moja la mti. Wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wakafunika, wakangoja. Pombe ilitoka nyepesi na chungu. Bibi alionja, akampa Mama aonje. Akajaza kibuyu kimoja, akakiziba, akakitundika ukutani upande wa kitanda cha Baba. Iliyobaki wakaimwaga kwenye migomba.

Vita ikaenda mbele, ikavuka mpaka, redio ikafurahi. Mgambo wakaanza kurudi. Lori la kwanza lilipofika Nyakahura Mama alikwenda, akarudi peke yake. La pili vivyo hivyo. Watu wa nyumba mbili walipewa habari mbaya. Mama alikuwa akipita karibu na ukuta ule hakitazami kile kibuyu, na Bibi alikuwa hamtazami Mama. Walipika pamoja, walilima pamoja, waliitana kwa heshima zote. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyemaliza sentensi. Kama Bibi alimlaumu moyoni, sijui. Kama Mama alijilaumu, hilo najua, kwa sababu nilikuwa nalala naye na nilimsikia.

Baba alikuja kwa miguu, mchana, kutoka upande wa barabara, anachechemea, amekonda mpaka Tomasi alimwamkia kama mgeni. Alikuwa amelazwa hospitali, mbali, na hakuna aliyetuletea habari. Mama alikuwa anachambua maharage. Alisimama, maharage yote yakamwagika. Bibi alikuwa mlangoni. Baba akatusalimu, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake mbovu. Akamtazama Bibi.

"Mama, kibuyu changu?"

Bibi akaingia ndani. Alikawia. Akatoka nacho, akakizibua, na hata mimi niliyekuwa nimesimama mbali harufu ya siki ilinifikia. Akampa bila mrija. Baba akakishika kwa mikono miwili, akainua, akanywa. Uso wake ukakunjamana, jicho moja likajifumba. Hakukiteremsha. Alikunywa mpaka kikageuka juu chini na hakuna kilichodondoka.

Akajifuta mdomo, akakohoa. "Jamani," akasema, "nani kapika hii?"

"Mimi," akasema Mama.

"Mimi," akasema Bibi, kwa wakati uleule.